Paka Watano na Sabuni ya Mtoto Asiyekuwepo

"Paka si jambo la kuandika gazetini." Ndivyo alivyonifokea wiki iliyopita bwana mmoja mwenye nyumba tatu za kupangisha hapa Kasongo, aliposikia nimepokea barua ya mpangaji kuhusu paka. Andika juu ya barabara, akasema, andika juu ya daraja, andika mambo ya watu wakubwa. Bwana, barabara nimeiandikia miaka kumi na moja, na pikipiki bado zinazama kwenye tope lilelile. Leo naandika juu ya paka, kwa sababu paka huyu amebakiza siku chache tu amfukuzishe mwanamke mzima nyumbani kwake na kumwachia jina la uchawi. Keti usome. Majina yote nimeyabadilisha.

*

Mama Mshauri mpendwa, nakuandikia, nisaidie kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo, maana baada ya hapo sijui nitalala wapi wala nitaitwa nani. Mimi ni mshonaji, nina miaka thelathini na minane, mume wangu aliniacha kwa sababu sikuzaa, na tangu mwaka juzi nimepanga vyumba viwili kwa Papa Gédéon, na siku aliponipa ufunguo alisimama mlangoni mbele ya mashahidi wawili akasema, "Mu parseli yangu, mu hii kiwanja, sitaki nyama ya kufuga. Mbwa hapana, paka hapana. Nyumba iko ya watu," na wakati anasema hayo mbuzi wake alikuwa nyuma yake anatafuna kamba ya mzigo wangu, lakini mimi nikasema ndiyo Papa, kwa kuwa nilitaka nyumba. Halafu akaomba aache magunia yake ya mpunga kutoka Wamaza kwenye chumba changu cha mbele kwa muda kidogo tu, na huo muda kidogo sasa ni mavuno mawili, na penye mpunga panya wanakuja, wakala mpunga, wakahamia kwenye vitambaa vya wateja, wakatoboa vikwembe vya sare ya kwaya ya akina mama, vikwembe vya watu kumi na wanne, na mimi ndiye niliyesimama mbele ya kwaya nzima kueleza.

Hapo shangazi yangu wa Kabambare akanipa paka jike, mweupe mwenye doa jekundu mgongoni, nikamtia kwenye mfuko asione njia akajua kurudi, nikapanda naye pikipiki siku nzima kwenye tope, nikamwingiza ndani kama mzigo wa vitambaa, nikamwita Waridi. Kwa wiki mbili panya wakaisha. Nilikuwa na raha Mama, usinicheke, jioni nilikuwa na wa kuongea naye. Lakini sikujua kwamba amekuja na mimba, akazaa wanne nyuma ya magunia ya Papa Gédéon, na mimi asubuhi nafunga kufuli naenda sokoni kwenye cherehani yangu, Waridi naye anapanda ukuta anatokea pale juu ukuta usipofika kwenye mabati, anaenda matembezi yake, watoto wanabaki wanalia, na wewe Mama unajua paka mdogo mwenye njaa analia sawasawa na mtoto wa mtu.

Mama Olga wa nyumba ya pili akaniuliza, "Amisa, mutoto wa nani iko analia kwako?" na mimi, kwa kuogopa neno paka lisimfikie mwenye nyumba, nikajibu, "Mutoto wa mudogo wangu, ametoka Lusangi." Nikadhani yamekwisha. Kesho yake Mama Olga akaja na sabuni ya kufulia nguo za mtoto, kama tunavyofanya kwa kila mtoto mchanga anayeingia mtaani, na nyuma yake wakaja wengine, na mimi nikapokea, Mama, nikapokea vipande sita vya sabuni na kofia moja ya sufi, nikasema mtoto amelala, kesho yake nikasema ana homa, siku ya tatu aibu ikanizidi nikasema mama yake amekuja kumchukua, wamerudi Lusangi. Siku iliyofuata, saa nne asubuhi, mlango una kufuli, mimi niko sokoni, mtoto aliyerudi Lusangi akaanza kulia.

Sasa mtaa mzima unasema nafuga kitoto kisicho cha dunia hii, kwamba mwanamke asiyezaa amejipatia mtoto kwa njia anayoijua mwenyewe, wateja wanakuja kuchukua vitambaa hata ambavyo sijakata, na mmoja alikataa kusogea karibu na cherehani, alisimama mbali akanyoosha mkono. Papa Gédéon amesema Ijumaa hiyo anakuja na watu wa maombi wafungue kwa nguvu hata chumba changu cha ndani, na wakati anasema hayo alikuwa anapapasa magunia yake anafurahi, asijue nyuma yake paka wameshiba wamelala, "Mwaka huu panya hata mumoja! Ile dawa nilitupa mu kona inafanya kazi." Mama, nifanye nini? Nafikiri niwatie Waridi na watoto wake kwenye mfuko niwapeleke Wamaza, niwaache porini, kisha nikatae kila kitu. Au nihame kimya kimya. Nisaidie, mimi si mchawi.

Amisa, Kasongo

*

Amisa,

Najua wewe si mchawi. Mchawi angejua kuficha mambo kuliko wewe.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili nilikasirika, na wa kwanza kupata hasira yangu ni wewe. Ulikuwa na kesi nyepesi kuliko zote ninazoletewa. Mwenye nyumba ameweka chakula cha panya chumbani kwako, wewe umeweka paka. Mtoto wa darasa la pili angeisimamia kesi hiyo akashinda kabla ya kengele ya mapumziko. Neno moja tu lilitosha: "Papa, ama mpunga utoke, ama paka aingie." Wewe ukasema ndiyo Papa. Hilo nakusamehe, mtu anayetafuta ufunguo husema ndiyo hata akiulizwa kama anakula majani.

Lakini sabuni, Amisa! Umezaa mtoto kwa mdomo, ukampa ukoo, ukampa homa, ukampandisha pikipiki hadi Lusangi, na katika kazi yote hiyo ukasahau kuwaarifu paka kwamba wamehama. Kipande cha kwanza naelewa, ulishtuka. Cha pili, haya. Cha sita ulikuwa unafikiri nini? Nadhani najua. Kwa siku tatu wanawake walikuja mlangoni kwako kama wanavyoenda kwa wengine, na wewe ukaitwa mama. Hapo nakuhurumia. Nimekwisha kukuhurumia, sasa naendelea kukugombeza: furaha ya wenzako umeipokea kwa uongo, na deni lake utalilipa kwa mikono yako mwenyewe, hatua kwa hatua, kama nitakavyokueleza.

Kabla ya hapo nina neno na majirani. Mama Olga, na ninyi nyote wa mtaa huo: mnasema mlisikia mtoto mchanga akilia nyuma ya kufuli tangu asubuhi hadi jua la mchana, siku baada ya siku. Vizuri. Ni nani kati yenu aliyevunja kufuli? Ni nani aliyepitisha hata kikombe cha maji chini ya mlango? Kama mliamini ni mtoto wa mtu, mmekaa barazani mkamsikiliza akifa. Kama mliamini si mtoto wa mtu, basi mmemchongea mwanamke kwa sauti ambayo hamkutaka hata kuitazama. Chagueni lipi kati ya hayo mawili mtakalokwenda kuliombea. Mimi nimewaona watoto wa kweli, wenye damu na majina, wakifukuzwa majumbani kwa maneno ya barazani kama haya yenu, na hakuna aliyewahi kurudi kuwaambia tulikosea, ilikuwa paka.

Turudi kwako. Safari ya Wamaza futa. Paka anayenyonyesha hatupwi porini na watoto wasiojua kuwinda. Wamekufanyia kazi, huwalipi kwa kuwaua. Tena fikiri kidogo: mwanamke anayesemwa kuwa anaficha kitoto anaonekana alfajiri akitoka na mfuko, na mfuko unalia. Hapo hata mimi nitakosa la kukutetea. Kuhama kimya kimya ni vilevile. Maneno ya watu yanapanda pikipiki bila mzigo. Yatafika Kabambare kabla ya cherehani yako, na shangazi yako atayasikia yeye kwanza.

Gazeti hili linatoka Jumanne. Jumatano usiende sokoni. Fungua mlango, fungua na madirisha. Watie wale wanne kwenye kikapu kilicho wazi, Waridi atakufuata mwenyewe, beba vipande sita vya sabuni, na ulichokwisha kutumia ununue kingine. Anza kwa Mama Olga. Mwambie: "Mama, mutoto niliyekwambia hakuwepo. Waliokuwa wanalia ni hawa. Nilikudanganya, unisamehe. Sabuni yako hii." Kisha nyamaza. Usieleze, usilie, usianze habari za mume wako. Rudisha na kofia ya sufi, na nikisikia umemvalisha paka sitajibu tena barua yako. Nenda nyumba zote sita. Watakucheka. Watakucheka mwaka mzima, na huenda ukabaki unaitwa Mama Paka mpaka uzeeni. Pokea jina hilo kwa mikono miwili, ni zuri kuliko lile walilokuwa wanakuandalia. Mshonaji anayechekwa anapata wateja; anayeogopwa anarudishiwa hata uzi. Na kabla hujaondoka kwa kila mmoja, muulize kama ana panya. Wote wanao. Wale wanne wakiacha kunyonya watakuwa na nyumba, na Mama Olga apewe wa kwanza, tena yule mwenye sauti kubwa.

Alhamisi nenda kwa mwenye nyumba pamoja na wale mashahidi wawili waliosikia masharti siku ya ufunguo. Usipige magoti. Ulivunja neno lako, likiri mara moja, mara ya pili usilirudie. Kisha mwombe aje ainue gunia la chini kabisa, mbele ya mashahidi, atazame ile dawa yake ya kona: ina miguu minne na inanyonyesha. Mpe mambo mawili achague, yaandikwe kwenye karatasi na wote mtie sahihi. Mpunga ukibaki, Waridi anabaki. Mpunga ukitoka, Waridi anatoka, na panya wanaobaki ni wageni wake yeye. Akikataa yote mawili, hama. Hama saa sita mchana, cherehani kichwani, paka begani, ukisalimia kila mlango.

Nanyi wenye nyumba, kuanzia Kasongo mpaka Kabambare, mnaokataza paka katika chumba mlichokigeuza ghala lenu: kesho asubuhi bisheni hodi kwa wapangaji wenu, hodi kwanza, muinue magunia yenu na mtazame chini yake. Mkikuta mavi ya panya, ondoeni mzigo wenu kwenye nyumba ya mtu. Mkikuta pasafi, ulizeni nani amewafanyia kazi, na mumwandike kwenye karatasi ya kupanga kama mkaaji halali.

Na wewe Papa Gédéon, jina hilo si lako lakini magunia ni yako. Ijumaa usije na watu wa maombi. Njoo na watu wa kubeba mizigo.