Baba, Sasa na Mimi Ni Kocha

Soweto, Moshi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua utacheka, maana kwetu Bungoma neno hili tulikutana nalo zaidi vitabuni, lakini hapa Moshi ukimpita mtu mzima bila kulitamka utaulizwa umelelewa na nani. Mulembe pia, salamu yetu ya nyumbani, usije ukasema nimepotea kabisa. Goti linaendeleaje? Mama ameniambia umeanza tena kupanda ile baiskeli, na ukiulizwa unasema ulikuwa unaisukuma tu. Mimi ni mzima. Baridi ya Julai imetuachia, mlima unajitokeza asubuhi, na kahawa mpya imeanza kushuka kutoka vihamba, yale mashamba ya ukoo ya Wachaga, huko juu. Kiwandani naonja vikombe vingi mno, hata jioni chai naiona kama maji.

Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu kwa sababu kila nikiligusa jambo hili kwenye simu, wewe unahamia habari za ng'ombe. Jambo lenyewe ni raga. Tafadhali usiikunje barua.

Mwenye nyumba wangu anaitwa Mama Manka, mjane mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya bonde. Mbele ya nyumba ana kibanda cha mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, na ndani ameweka televisheni. Jumamosi hujaa waongoza watalii na wapagazi wa mlimani. Raga wameijua kutoka kwa wageni wanaowapandisha, na sasa wana timu yao wenyewe. Mtu akitembea siku sita na watu wasiozungumza kitu kingine, anashuka akiwa na sheria zote kichwani. Mbishi wao mkuu ni Elinami, mwongoza watalii, mtu wa maneno mengi na moyo mzuri. Mkenya ni mimi peke yangu, kwa hiyo timu yetu ya taifa ikicheza, wanautazama mpira kwa jicho moja na mimi kwa jicho la pili.

Na unajua inavyocheza siku hizi.

Jumamosi moja ilipofungwa tena, Elinami alisukuma bakuli lake kando. "Timu yenu, Mkenya, inacheza kama imeamshwa sasa hivi."

"Tatizo ni kocha," nikasema. "Tukiupata mpira anataka upigwe mbali, halafu tunaanza kuukimbiza upya. Mawinga wana mbio, lakini wanakaa pembeni mpaka wanashikwa na baridi."

"Wachezaji ndio wavivu. Kipindi cha pili wote wameshika viuno."

"Nani anawafanyisha mazoezi? Si yeye?"

Kuna mzee mmoja, Mzee Kimaro, mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa, anayekuja kwa ajili ya mtori hata kama hakuna mchezo. Akauliza taratibu, "Na kama hao ndio wachezaji alio nao?"

"Basi aondoke, Mwalimu! Nipeni mimi hiyo timu wiki tatu tu, mtaona."

Elinami akanitazama kama mtu aliyeokota kitu njiani. "Baada ya wiki tatu hizohizo," akasema, "sisi tunacheza na timu kutoka Arusha, na kocha hatuna. Umesema mbele ya watu, dada."

Ndivyo nilivyopata kazi, Baba. Mdomo wangu ulinitafutia.

Tulifanya mazoezi jioni kwenye uwanja wa shule, njia ya kwenda Kibosho. Uwanja umeinama kama kila kitu huku. Mpira ukikuponyoka unaufuata mpaka kwenye migomba ya watu. Vijana wana mapafu ya ajabu. Lakini pasi! Mpagazi amezoea mzigo aliopewa aufikishe mwenyewe kituoni, kwa hiyo ukimpa mpira anaukumbatia na kwenda nao, hata wakimrukia watu watano. Nilipiga kelele "Toa! Toa!" mpaka sauti ikakauka. Namba kumi, yule wa kuongoza mchezo, nikampa Elinami kwa sababu ndiye anayeongea sana. Kulikuwa na mpagazi mwingine, Godlisten, mtu mzima mwenye watoto wawili, anayedaka kila kitu na asiyesema neno. Huyo nikamtupa pembeni kabisa, karibu na mstari. Sikumuuliza lolote.

Siku ya mchezo tulishinda kura ya kurusha sarafu, nikachagua tuanze kwa kushambulia upande wa juu. Nilijiambia watu wa mlima watapanda na wageni watachoka. Nilijiona nina akili nyingi. Kumbe kila mpira tuliopiga ulirudi kutufuata, na wale wa Arusha walikuwa wanatushukia kama mawe. Elinami alikuwa anatoa amri tatu kwa wakati mmoja. Kabla ya mapumziko walikuwa na alama ishirini na sita, sisi hatuna kitu.

Hapo nikamsikia Mama Manka. Alikuja na kiti chake na khanga mbili, amekaa mbele kabisa. "Kocha gani huyu?" akapaza ile sauti yake. "Mrudisheni akaonje kahawa!" Watu wakacheka. Kisha upande mzima wa uwanja ukapokea: "Arudi! Arudi!" Mama Manka, Baba, ambaye asubuhi ileile alinipa uji kwa mkono wake.

Nilisimama pale nimefunga mikono nyuma, na nikajua nimewahi kuiona mikono ikifungwa hivyo. Ilikuwa yako.

Unakumbuka ile siku timu ya mji, uliyokuwa unaifundisha, ilipofungwa nyumbani na watu wakaimba "Mwalimu aende!" Nilikuwa kidato cha pili. Nilikuwa nimekaa kwenye nyasi na wanafunzi wenzangu, na walionizunguka hawakujua mimi ni binti yako. Baba, niliimba nao. Wala si kwa kunong'ona. Niliogopa wakiniona nimenyamaza wataniuliza kwa nini. Jioni ulirudi nyumbani, ukavua viatu vyenye matope, ukaniuliza kama nimekula. Nikasema nimekula. Wiki iliyofuata ukaiacha timu, na miaka yote hii tunasema ulichoka. Sijawahi kukwambia nilikuwa upande gani wa uwanja. Nakuomba unisamehe.

Mapumziko yalipofika vijana wakanizunguka wakihema, wakinisubiri niseme kitu cha maana. Nikasema, "Nimekosea. Nimewapandisha bure, na wengine nimewaweka pasipo pao. Nani ameona kitu ambacho mimi sijakiona?"

Wakatazamana. Halafu Godlisten, ambaye nilikuwa sijawahi kusikia sentensi yake nzima, akasema, "Dada, wakijipanga upya wote wanajaa katikati. Kule kushoto kwao hakuna mtu. Nimekaa pembeni, nimewatazama."

Nikamgeukia Elinami. Nilidhani atakasirika. Akajifuta jasho, akasema, "Mpe yeye namba kumi. Mimi hata sauti yangu mwenyewe imenichosha."

Kipindi cha pili tulishuka. Godlisten hakupiga kelele. Alinyoosha kidole tu, na mpira ukaenda. Elinami ndiye aliyefunga mguso wa kwanza, alama tano, kule kushoto kusiko na mtu, akaenda kusimama kwenye migomba kwa sababu alishindwa kusimama mapema. Tukapata wa pili, tukapata wa tatu, na mateke mawili ya nyongeza yakaingia. Arusha hawakuongeza kitu. Filimbi ya mwisho ilipopulizwa tulikuwa kumi na tisa kwa ishirini na sita, tumefungwa, na usingeamini jinsi tulivyobebana. Mama Manka alikuwa wa kwanza kuingia uwanjani kunikumbatia.

"Nilijua tu unaweza!"

"Mama, si wewe uliyesema nirudishwe kwenye kahawa?"

"Hayo yalikuwa ya kipindi cha kwanza," akasema, akaenda kuwapakulia mtori timu zote mbili.

Jumamosi iliyofuata timu ya taifa ikafungwa tena. Kibandani wakaanza: kocha hivi, kocha vile. Mzee Kimaro akanigeukia, "Kocha, leo huna la kusema?" Nikamwambia bado nadhani mpira unapigwa mbali mno, na hilo sitaliacha. Ila huyo kocha nilimtazama alivyosimama, nikashindwa kumwimbia aondoke. Elinami akasema nimeharibika. Tukabishana mpaka mtori ukapoa, na kwa kweli nilifurahi sana.

Vijana wamekataa kunifukuza. Wanasema hakuna mwingine anayeitaka kazi hii.

Nisalimie Mama, umwambie yale mahindi ya kuchoma nayaota. Msalimie kaka Wafula na mke wake, na mtoto wao ambaye sijamwona. Msalimie Kukhu, bibi yetu, mpe mkono wangu taratibu. Shangazi Nanjala mwambie bado sijaolewa na Mchaga, aache kutangaza.

Jambo la mwisho, na hili nakuuliza wewe kama kocha. Mpira ukitoka nje na ukirushwa kurudi ndani, watu wangu ni wafupi, na wale wa Arusha wanaudaka juu ya vichwa vyetu kila mara. Tunacheza nao tena mwezi ujao, kwao. Wewe ulikuwa na timu fupi pia, na sikumbuki mkinyang'anywa ile mipira. Mlifanyaje? Usinieleze kwenye simu, sitaelewa. Chukua karatasi kubwa, unichoree.

Ni mimi binti yako,
Nafula