Punje Niliyoweka Ndani ya Bahasha

Kitale,
Jumapili, baada ya kanisa.

Mayi, mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu kabla hujaketi vizuri, maana najua dada Nafula ameanza kukusomea huku bado unafuta mikono. Goti lako la kushoto linaendeleaje? Na Papa, kifua chake kimetulia? Mimi ni mzima. Baridi ya Kitale tu ndiyo inanionea; nalala na lile koti nililorudi nalo kutoka vitani, na bado meno yanagongana.

Kazi yangu ni ile ile ya kwenye kitalu cha miche. Nachota maji, najaza udongo kwenye mikebe, napalilia. Mvua imenyesha hata barabara ya kwenda mjini ikawa uji, na baiskeli yangu nimeibeba begani mara nyingi kuliko ilivyonibeba mimi. Usicheke.

Sasa habari yenyewe. Unakumbuka nilikuambia juu ya kundi letu la wapanda miti? Hatulipwi na mtu. Tuko watu kumi na tisa, wengi vibarua kama mimi, na kiongozi wetu ni Njoroge, fundi wa baiskeli. Jumapili tunapanda miti kwenye chemchemi zilizo karibu na mji. Sasa tumetaka safari kubwa ya baiskeli, sisi na jamaa zetu, tupande miti, tuimbe, tule pamoja, na njia hiyo iwe yetu kila mwaka. Njia zilikuwa mbili. Moja ni ya Endebess, karibu na mlima. Nyingine ni ya kuteremka Kimilili hadi kwetu Kibabii, kwenye chemchemi ya Papa.

Mayi, ni mimi niliyeitaja chemchemi ya Papa. Niliwaambia zamani ilitosha kijiji kizima, na sasa unaketi hapo nusu siku ukingoja mtungi mmoja ujae. Lakini sikuwaambia kwamba Papa aling'oa miche niliyopanda Krismasi iliyopita. Wala sikuwaambia alivyosema, "Ukileta miti tena, usije." Niliona aibu.

Tukakubaliana tupige kura Jumamosi. Mimi ndiye mwandishi, basi nikaandika tangazo, tukalibandika kwenye mlango wa Njoroge. Unaujua ulimi wetu. Niliandika, "Wote mje Jumamosi kwa kula." Njoroge akalisoma kwa sauti mara mbili, akasema ni sawa kabisa, maana kwao Wakikuyu nako r na l ni ndugu.

Jumamosi watu wakaja, kila mmoja na sahani yake. Wengine walikuwa wameacha chakula cha mchana makusudi. Mzee mmoja wa kundi letu alitoka Ndalu na kijiko mfukoni.

"Sasa chakula kiko wapi?" akauliza.

"Si ni kura, mzee," nikamwambia.

"Ndiyo, kula. Nimekuja kula, bana!"

Tulipogundua kosa, Njoroge alicheka hadi akakaa chini. Mkewe, Mama Wambui, hakucheka. "Ati mmeita watu wote hawa na mimi sijaweka hata maji kwa moto?" Lakini akateleka sufuria ya mahindi na maharagwe, na tulipokuwa tukingoja iive, ni yeye aliyesema tusikae bure. Sahani zipo, mahindi yapo, tupige kura nazo. Sahani moja ikawa Endebess, nyingine Kibabii, na kila mwanachama akapewa punje moja.

Endebess ikapata tisa. Kibabii ikapata tisa. Punje ya mwisho ilikuwa mkononi mwangu.

Wote wakaniangalia. Nilitaka kuiweka kwenye sahani ya nyumbani, lakini nikairudisha kiganjani. Basi nikawaeleza yote, habari ya miche na maneno ya Papa. Nilidhani watanicheka.

"Ulipanda namna gani?" Mama Wambui akaniuliza.

"Kwa mstari ulionyooka, vile tunapanda kitaluni."

"Na uliuliza mzee wako?"

Sikumwuliza.

"Basi wewe ni mjinga. Mstari wa miti si ni mpaka? Hata mimi ningeng'oa. Na mwenye chemchemi mwenyewe bado hajapiga kura."

Hapo ndipo nilipoelewa. Papa aliona miti imepangwa kama ile ya mashamba ya wazungu, tena bila neno lake, akadhani ardhi yake inakatwa. Nami nikakasirika, nikaondoka bila kumuaga. Kosa lilikuwa langu, Mayi, na linaniuma kila siku.

Wenzangu wamekubali kungoja kura ya Papa. Papa akikubali, tutapanda pale tu atakapoelekeza kwa fimbo yake, hata kama ni mti mmoja, na hakuna atakayeshika kamba ya kupimia. Akikataa, wenzangu wataenda Endebess, nami sitamlaumu. Nitakuja peke yangu, bila mche hata mmoja, nimwombe radhi.

Nisalimie Kukhu na umwambie asiwafiche wajukuu ugoro wake, wanajua ulipo. Nisalimie mjomba wetu mfua vyuma, na mwalimu wa kwaya aliyenifundisha kuandika, ila tangazo langu usimtajie. Nafula dada yangu, asante kwa kusoma. Najua ulitaka kuruka pale nilipoitwa mjinga, rudi upasome.

Ndani ya bahasha mtaona ile punje ya mwisho. Kuku wasiione kwanza. Mayi, mpe Papa mkononi. Akikubali tuje, Nafula airudishe kwenye barua yenu. Akikataa, basi hao kuku waile. Mwambie ni ya kura, si ya kula. Najua ukitamka wewe maneno hayo mawili yatakuwa moja, kwa hiyo mwambie tu kwamba ni yake.

Mwanao anayeingoja punje irudi,
Wekesa