Kiti cha Mtu Ambaye Bado Anapumua

Jumatatu, 2 Oktoba 2023

Padri alikuja kunipaka mafuta ya wagonjwa. Niliungama. Hasira, uvivu wa sala, maneno makali kwa marehemu mke wangu. Akaniondolea yote. Alipokuwa anafunga kichupa chake nikakumbuka kwamba nimebakiza moja. Nikanyamaza. Ni jambo la kiti — nani anamwungamia padri kiti?

Hapa daftarini naweza. Hapa hakuna anayesoma.

Komite ya wazazi ya shule yetu ina viti vinane. Saba ni vya vilima, yaani vijiji vyetu: kila Septemba wazazi wa kilima wanapanga mstari nyuma ya mtu wanayemtaka, mkuu wa shule anahesabu vichwa, basi. Cha nane ni cha mshauri, mwalimu wa zamani. Ndicho changu. Miguu yangu imekataa kupanda shuleni tangu Juni, kwa hiyo komite nzima inashuka hapa. Wanakaa kuzunguka kitanda changu, magoti yao yanagusa blanketi. Hakuna aliyewahi kusema nibadilishwe. Kwetu humkalishi mtu kwenye kiti cha mwingine anayepumua bado. Ni kumchimbia kaburi akikutazama.

Ningesema neno moja tu, "Natoka," ingetosha. Silisemi. Nyumba ikijaa najiona mzima. Hiyo ndiyo dhambi.

Jumatano, 4 Oktoba

Walikuja. Honoré, mwenyekiti, na koti lake la misa. Watoto wamekuwa wengi mno tangu kambi ya wakimbizi wa vita ya Lushebere ipanuke. Madarasa hayatoshi. Itabidi zamu mbili: nusu asubuhi, nusu mchana. Basi! Kila mmoja akasema kilima chake ni cha asubuhi.

Honoré akamaliza: "Watoto ya kambi waingie muchana. Wazazi wao hawana shamba, wanaharakisha nini?"

Wakacheka. Hata mimi midomo ilinicheza kidogo.

Lakini mvua ya huku inanyesha mchana! Watoto wa kambi watajifunza chini ya bati linalopiga kelele, kisha washuke jioni kwenye matope, wasichana pia, kwenye njia ile yenye watu wa bunduki. Wote mle chumbani tulijua. Nani aseme? Kambi si kilima. Haina kiti.

Verdiane alikuwa mlangoni na sombe zake, majani ya muhogo. Ni mama wa Kalembe, alikimbia vita, yuko kambini na binti zake wawili. Anatuuzia sombe, na analima kipande cha shamba langu nyuma ya nyumba. Akasema kwa sauti: "Papa Honoré, na mvua nayo mumeipangia zamu?"

"Mama, hii ni komite. Weka sombe, uende."

Akaweka. Akaenda. Nilitazama ukuta.

Ijumaa, 6 Oktoba

Sikulala vizuri. Nilimtuma binti yangu Emérence amwite Verdiane. Nikamwambia: chukua kiti changu. Mshauri anachagua mrithi wake, hakuna wa kumkataza.

Alicheka. Kisha akaona sicheki, akasimama.

"Papa Viateur, unataka waniuwe?"

Sikuelewa. Mimi, mwalimu miaka yote ile, sikuelewa!

"Nikikalia kiti yako leo, na weye ukufe kesho, watasema nini? Yule mwanamuke wa kambi amemukula muzee. Amemupa sumu mu sombe. Nilikimbia vita Kalembe. Sitakimbia tena juu ya kiti."

Akachukua kikapu chake. Ana haki. Hapa mtu hafi kwa uzee. Daima kuna aliyemwua.

Jumapili, 8 Oktoba

Niandike lililo baya zaidi. Alipokataa, nilifurahi. Kitu kilinitua kifuani. Nikasema moyoni: umejaribu, mzee, sasa baki na kiti chako.

Misa nimeisikiliza redioni. Sikuweza kuitikia.

Jumanne, 10 Oktoba

Kwetu anayekupa kinywaji anaonja kwanza. Hata ndugu. Hata mke. Basi je, kama nitakwenda shuleni mwenyewe, mbele ya vilima vyote, nitoe kiti kwa mdomo wangu, Verdiane aonje, na mimi ninywe kikombe kile kile? Wataona kwa macho.

Nilimweleza Emérence.

"Na ukikufa juma hiyo hiyo, Papa?"

"Sitakufa."

"Ulipatana na nani?"

Binti huyu! Mama yake kabisa.

Verdiane alirudi jioni. Alisikiliza hadi mwisho, aking'oa nyuzi kwenye kitenge chake. Kisha akatoa sharti lake: "Basi ukubali kuishi kwanza. Mupaka maharagwe yangu ikomae. Watu wakuone unaishi, wazoee kuniona kwa kiti, kisha ujipumzikie."

Maharagwe yake yamechipuka juzi tu. Majani mawili mawili. Kutoka mlangoni nayaona.

Nimekubali. Sijui kwa nguvu za nani.

Jumamosi, 14 Oktoba

Nimechoka lakini lazima niandike. Vijana wanne walinibeba kwa machela hadi shuleni. Uwanja ulijaa. Niliomba wanisimamishe, mmoja kila kwapa.

Nikasema: natoa kiti cha mshauri, namwachia Mama Verdiane wa kambi.

Mbuzi peke yake alijibu. Kisha mzee Mukandori, niliyesoma naye darasa moja, akapaza sauti: "Weye Viateur! Unajizika na mikono yako?"

"Sijiziki, Mukandori. Nahama tu, nikae karibu na weye."

Wakacheka. Kicheko kilinisaidia kuliko vijana wale. Verdiane akaleta kasiksi, pombe yetu ya ndizi, kwenye kibuyu, akanywa funda, wote wakaona koo lake likishuka. Akanipa. Nikanywa nikamaliza. Ndizi za kwetu! Sikuwa nimeonja tangu mwaka jana.

Akakaa. Kiti changu. Nilidhani kitaniuma. Kiliniuma.

Kabla kiti hakijapata joto akasema zamu zibadilishane: mwezi huu vilima asubuhi, mwezi ujao kambi. Akina mama wa kambi wakapiga vigelegele nyuma. Hata wa vilima wawili watatu waliitikia kichwa. Honoré akatazama saa yake. Mjumbe mupya hapigi kura siku ya kuingia, akasema. Tutapiga Jumamosi ijayo. Sheria hiyo sijawahi kuisikia, na nimekaa mle tangu shule ikiwa ya nyasi.

Tukishuka, mvua ikatukuta njiani. Saa nane kamili. Vijana walinifunika na mashati yao. Bure.

Jumatatu, 16 Oktoba

Kifua. Homa. Kalamu nzito.

Honoré alikuja kunisalimu. Hakukaa. Alitazama kikombe kando ya kitanda.

"Papa, tangu ulikunywa pale, njo uko hivi?"

"Ni mvua, Honoré. Mvua ya saa nane. Ile munayotaka kuwapa watoto."

Alisema ataniombea. Nilimsikia nje akimwuliza Emérence: huyu mama wa sombe anakuja mara ngapi hapa?

Jumatano, 18 Oktoba

Siku ya soko. Tangu alfajiri watu wanapita barabarani, na wakifika mbele ya nyumba yetu wanapunguza sauti. Emérence amerudi kutoka kwenye bomba hana rangi. Wanasema nimeshakufa, tunaficha. Wanasema Jumamosi yule mama asikanyage shuleni. Kuna aliyesema aulizwe vizuri. Najua maana ya kuuliza vizuri.

Na Verdiane amekuja! Na sufuria ya uji. Emérence amemzuia mlangoni, nawasikia.

"Dada, rudi. Usionekane hapa."

"Nikirudi njo watasema nimekimbia."

Wote wawili wana haki.

Nimeita. Nimesema: kiti nje, si ndani. Karibu kabisa na barabara. Kofia yangu. Verdiane aonje mbele yao wote, kisha anilishe kijiko kwa kijiko, polepole, na mimi niwasalimie wapita njia kwa majina yao. Nawajua karibu wote. Nimewafundisha kusoma.

Emérence analia, lakini kofia ameleta.

Kupitia mlango nayaona maharagwe. Hayajaanza hata kupanda mti. Maua bado. Ee Mungu, si maua — Jumamosi tu. Unipe Jumamosi, kisha tutasemezana.

Honoré anapanda kutoka sokoni, naliona koti lake. Vizuri. Aje aone.

Wako tayari kuninyanyua. Nimewaambia wangoje kidogo. Nikohoe kwanza nimalize, wasinikute nakohoa huko nj—