Shati Kutoka Mgodini

Bukene, 11 Agosti 1951

Baba Siwema,

Huku tu wazima, tunakukosa wewe tu. Karanga zimekubali na Siwema ameota meno mawili. Moshi wa treni bado unachafua mihogo ninayoanika, ila siku hizi siukemei. Ulisema makaa ya mawe mnayochimba huko kusini ndiyo yanayoendesha treni za huko, basi hii yetu ikipita nasimama nauvuta moshi wake, kama vile wewe ndiye uliyepita.

Shati ulilompa Dionis aniletee nimelipata. Nimelifua mara sita na maji bado yanatoka meusi.

Dionis mwenyewe hakukaa sana. Alirudi kutoka mgodini anakohoa, na makohozi yake yalikuwa meusi kama maji yale. Tumemzika Jumamosi iliyopita. Mama yake aliniuliza kama nawe unakohoa. Nikasema hapana, kisha nikaona aibu, maana sijui.

Kila barua unasema hujambo. Safari hii usiniandikie kitu. Kohoa kwenye leso, uikunje, uitie katika bahasha.

Usiifue. Nitaifua mimi.

Mkeo anayekungoja,
Bertila