Upande wa Pili wa Kanda

Wambui wangu,

Hujambo huko kwenye baridi? Hapa Woodley mimi ni mzima. Mama yako amehamia mtaa wa Satellite, na nyumba imenyamaza.

Umeniuliza podkasti yako isimulie nini ili wasikilizaji warudi. Babu yako alipokuwa masomoni ng'ambo, nilimrekodia kanda. Upande wa kwanza uliishia kwenye salamu za ukoo mzima, jina kwa jina. Upande wa pili sikuwa na la maana, nikaambua minji, njegere za chakula cha jioni, huku nikimsimulia jinsi jogoo wa jirani alivyoingia kanisani akakataa kutoka. Akaandika: "Huo wa pili nimeusikiliza mpaka kanda ikakatika."

Basi ukirekodi, usisalimie dunia nzima. Niambie mimi tu umepika nini leo. Niko jikoni, naambua minji peke yangu.

Shosho wako