Barafu ya Ijumaa Uliyoniachia

Mdogo wangu Furaha,

Bado nina hasira na wewe. Nakuambia mapema, usije ukatafuta salamu humu.

Nakumbuka Jumatatu ile pale chekechea yetu ya Greyville. Nilikuwa jikoni nakoroga uji, nakusikia dirishani ukiwaambia watoto wasugue viganja.

"Joto limetoka wapi?"

"Kwa mikono!"

"Na mikono imepata wapi nguvu?"

Wakatazama viganja vyao. Kisha Gloria, yule wa miaka mitano, akapaza sauti: "Kwa uji ya Yaya!" Nao waliniita Yaya, dada mkubwa, kama wewe.

Ulikuja mbio ukanikumbatia, mwiko bado mkononi mwangu. "Yaya, wamejua nishati ni nini!" Siku hiyo nilijiona profesa.

Jumanne ukachukua chungwa, ukasema ndiyo dunia, ukachora dubu mweupe juu na pengwini chini, ukawaeleza kwamba wawili hao hawajawahi kuonana. Watoto wakawahurumia. Ukaahidi: "Ijumaa nitaleta barafu, tuone jua litaifanya nini."

Alhamisi nilirudi kutoka sokoni Warwick na mboga kichwani. Sanduku lako halipo. Kwenye simu, maneno machache tu: "Yaya, unisamehe. Niko airport. Canada wamekubali."

Tiketi ulikuwa nayo mwezi mzima! Tulilala kitanda kimoja, tukala sahani moja, na hukufungua mdomo. Kuondoka kwako sikukatai. Baada ya miaka yote ile ya kupanga foleni ya makaratasi ya ukimbizi, sanduku ningekubebea mwenyewe. Lakini uliondoka kama mtu aliyeiba, ukaniachia watoto kumi na sita na ahadi yako.

Ijumaa walikuwa uani tangu asubuhi, wanangoja. Mimi niliyeishia darasa la nne, nikaenda kwa muuza samaki na ndoo, nikamwomba barafu. Ilinuka. "Pengwini walikula humu!" wakapiga kelele. Tukaweka vipande juani, vingine kivulini.

Gloria akavua sweta yake, akafunika kipande kimoja.

"Toa, utakiyeyusha!" nikamkaripia.

"Hapana, Yaya. Teacher alisema sweta haileti joto, inazuia tu joto isipite. Namuwekea Teacher barafu yake."

Saa sita vipande vingine vyote vilikuwa maji. Cha Gloria kilikuwa bado kama ngumi.

"Teacher anakuja saa ngapi?"

Ningeweza kudanganya. Nilishindwa. "Amekwenda Canada, mama. Harudi."

Hakulia, Furaha. Afadhali angelia. Alikung'uta ile barafu kwenye sementi, akavaa sweta yake imelowa hivyo hivyo, akakaa akitazama ukuta mpaka mama yake alipokuja. Nilimnyooshea mkono wa kumuaga, akauacha hewani.

Sasa nafundisha mimi, kwa daftari lako. Nakosea, wananisahihisha. Wewe unanitumia picha za theluji na vimoyo vyekundu. Sivitaki. Msamaha wako pia usiniombe mimi kwanza.

Mwandikie Gloria. Mwambie kwamba ulipoahidi barafu, tiketi ilikuwa tayari ndani ya mkoba wako. Nitamsomea neno kwa neno, na sitalainisha hata moja.

Ni mimi,
dada yako mkubwa, aliyebaki.