Santuri Zako Zimeenda Karatina

Majengo, Nyeri
Jumapili, mwezi wa saba

Baba Wangari mpendwa,

Santuri zako nimeziuza. Nakwambia hilo kwanza, maana hukupenda mtu azungushe maneno. Jana mwalimu mmoja mstaafu wa Karatina alizichukua zote, hata zile zilizopoteza majalada yao ukazishonea mifuko ya vitambaa vya suti.

Tangu tukuzike, Wangari amekuwa akiniita nihamie kwake Mwea. Nimekubali, kwa sababu magoti yangu yamechoka na baridi hii. Chumba alichonitengea ni kizuri, ila ni kidogo na kina bati juu, na joto la kule unalijua. Ulisema mwenyewe kwamba santuri ikipata joto hujikunja kama chapati. Wangari akaniambia kwa simu, "Mama, hizo vitu uza tu. Ama unataka kubaki Nyeri ukichunga sahani?" Nilicheka naye, halafu nikakaa kitandani nikizitazama. Niliogopa kwamba zikitoka mlangoni, na wewe utatoka nazo.

Ulizinunua moja moja kwa yule Mhindi wa duka la vitambaa na santuri, uliyekuwa ukishonea barazani kwake. Akiweka santuri mpya ndani, wewe nje ulikanyaga cherehani kwa mwendo wake. Wateja walikutania kwamba suruali uliyoshona kwa rumba hukaa vizuri, lakini ya twisti hutoka na mishono iliyopinda. Ukawajibu kwamba kilichopinda ni miguu yao.

Jumapili baada ya kanisa ulinawa mikono hadi kwenye viwiko kama daktari, ndipo ukafungua gramafoni. Sakafu yetu ya mbao ilikuwa ikitikisa sindano, kwa hiyo hakuna aliyeruhusiwa kutembea na viatu. Nilipika chakula cha Jumapili nikiwa na soksi tu, ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Na ile santuri iliyokuwa ikiruka? Mwimbaji anamuaga mama yake aende kutafuta kazi, sindano inaruka, na mara tunamsikia yuko kwenye harusi yake, anakula pilau. Wangari alipokuwa mdogo alikuuliza huyo mtu amemwoa nani. Ukamwambia, "Huyo ni mtu wa haraka." Jirani alikushauri uweke senti juu ya mkono wa gramafoni ili sindano ikanyage vizuri. Ukakataa, ukasema senti itakwangua santuri, na kwamba hata hivyo mwimbaji alitaka wimbo wake uwe vile. Basi sisi sote tukaujua vile.

Kwa hiyo siku ya harusi ya Wangari kule Mwea, bendi ilipoupiga, watu wote wa Majengo tuliruka pamoja hadi kwenye pilau, tukawaacha wapigaji bado wanamuaga mama. Mama mkwe wa Wangari akanigeukia, akaniuliza kama watu wa Nyeri huwa na haraka ya chakula hivyo kila mara. Nilitaka ardhi inimeze. Wewe uliendelea kuimba, ukiwapungia bendi mkono wakufuate, nao wakafuata.

Wa kwanza kuja kuzitazama alikuwa mwenye hoteli kutoka Nanyuki. Alitaka kuzipigilia misumari ukutani, watalii wazione. Nikamuuliza nani atazisikiliza. Akasema, "Mathe, siku hizi muziki iko kwa simu. Hizi ni urembo." Nilimpa chai, akanywa, nikamwambia siuzi. Wangari alikasirika sana. Lori la kunihamisha lilikuwa limeshatafutwa, na mimi nafukuza wanunuzi.

Yule mwalimu aliomba maji ya kunawa kabla ya kugusa chochote. Nikampenda hapo hapo. Aliziweka moja baada ya nyingine kwenye gramafoni yako, na kila moja aliniuliza ilikuwa ikipigwa lini humu ndani. Nikamweleza ipi ilikuwa ya mvua, ipi ya wageni, na ipi uliyoweka kila tulipokosana, ukitaka mimi ndiye niongee kwanza.

Ilipofika ile inayoruka, aliinama na miwani yake, akasema kuna uchafu umeshika mle. Akaomba maji ya vuguvugu, sabuni kidogo na brashi laini. Akaisafisha taratibu, akaikausha, akaiweka tena.

Baba Wangari, kuna ubeti mzima. Yule kijana alipata kazi ya reli, akaugua, na binti wa kibanda cha chai akamuuguza hadi akapona. Ndiye aliyemwoa. Miaka yote hiyo yule binti maskini alikuwa amefunikwa na uchafu, na wewe ukituambia ndivyo mwimbaji alivyotaka! Nilicheka mpaka mwalimu akaingiwa na wasiwasi, kisha nikalia, kisha nikacheka tena.

Gari lake lilipoondoka nilirudi ndani, na kabla sijafunga mlango nikajikuta nakwambia, "Umesikia? Alioa msichana wa chai." Kabati la santuri lilikuwa tupu. Nilikuwa nakwambia tu, kama siku zote. Basi nikajua hukuondoka nazo.

Leo mchana mwalimu alinipigia. Hakusema mengi, aliisogeza tu simu karibu na gramafoni yake. Nikasikia muziki, na nyuma yake wajukuu wanagombania nani achague inayofuata, na mwanamke anamwambia mwalimu chai yake inapoa. Nilisimama jikoni nikasikiliza mpaka salio lake likaisha.

Ijumaa naondoka. Kaburi lako nimelipalilia, na nitarudi kulipalilia tena Krismasi. Huko uliko, ukikaa na watu mkizungumza, unitaje na mimi. Unikumbuke.

Wako,
Mama Wangari